Kamera za Dukani Zichaguliwe Kuanzia Siku ya Kuzihitaji

Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Kihonda, Morogoro. Mwaka juzi, Jumamosi moja tulipokuwa tukihesabu mali, tulikuta roli tatu za waya wa umeme hazipo stoo. Waya ni bidhaa ambayo mtu huibeba kwapani na kuiuza siku hiyohiyo, hivyo wizi wenyewe haukunishangaza sana. Nilijifariji kwamba miezi saba kabla ya hapo nilikuwa nimefungiwa kamera nne na mashine ya kurekodia, na niliamini kwamba yote yaliyotokea yamo humo.

Rekodi ilirudi nyuma siku tano tu, kwa kuwa yote ya kabla ya hapo yalikuwa yamefutwa na mashine yenyewe ili kupisha picha mpya. Ndani ya siku hizo tano tulipata tukio moja: mwanamume mwenye kofia anatoka stoo na kiroba begani, uso wake ukiwa na ukubwa wa punje ya harage kwenye skrini, na juu ya picha saa ikionyesha 20:12. Duka tunalifunga saa kumi na mbili jioni, na anayebaki na funguo ni kijana wangu mmoja ambaye amekuwa nami tangu duka lilipokuwa meza ya misumari na vitasa. Waliokuwa wamesimama nyuma yangu wakaanza kusema kwamba yule wa kwenye picha anafanana naye. Kijana alinitazama, akaniambia, “Mama, mimi jioni ile nilikukabidhi funguo mkononi.” Sikukumbuka, na yeye akakaa nyumbani siku mbili bila kuitwa kazini.

Binti yangu ndiye aliyefikiria kufungua kamera ya mlangoni kwa dakika ileile. Pale kizingitini jua lilikuwa limetandaa hadi kwenye mguu wa mizani tunayopimia misumari. Morogoro hakuna jua saa mbili usiku. Fundi aliyetufungia mashine alikuwa ameiacha na majira ya kiwandani, majira ya China, ambayo yako mbele ya yetu kwa saa tano. Saa halisi ilikuwa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, wakati duka limejaa wateja wa saruji na vijana wa kupakia wanaingia na kutoka stoo. Nilimwomba kijana wangu radhi mbele ya wenzake. Aliyechukua waya hajajulikana hadi leo.

Ninaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu wafanyabiashara wenzangu wanaokuja kuniuliza kuhusu kamera huanza kwa kuuliza ni kamera ngapi na ni megapikseli ngapi, na wauzaji huwajibu kwa lugha hiyohiyo. Mimi ninawaomba waanze upande wa pili. Jiulize siku utakapokuwa umesimama mbele ya skrini, mali imepotea na kuna mtu anatuhumiwa, utahitaji picha ikuambie nini: kwamba kuna mtu alipita, au kwamba aliyepita ni huyu na si yule? Hayo ni mahitaji mawili tofauti, na kamera inayotimiza la kwanza mara nyingi haiwezi kabisa kutimiza la pili.

Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kamera za ulinzi, EN 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2015, kiliweka jambo hili kwa tarakimu ambazo kila mwenye duka anaweza kuzitumia akiwa na futi ya kupimia tu. Kugundua kwamba kuna mtu kunataka pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 25 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kuangalia anachokifanya kunataka 62.5, kumtambua mtu unayemfahamu tayari kunataka 125, na kumtambulisha mtu usiyemfahamu, kiasi kwamba picha yake inaweza kuonyeshwa kwa mwingine akasema ndiye, kunataka 250. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Ukigawanya kwa 250 unapata mita 7.68, na huo ndio upana wa mwisho ambao kamera hiyo inaweza kuubeba ikiwa unataka uso wa mgeni.

Sasa tazama kilichofanyika dukani kwangu. Fundi aliweka kamera ya lenzi ya milimita 2.8 kwenye kona ya juu, kwa hoja kwamba lenzi hiyo “inaona duka zima.” Ni kweli inaona, kwa kuwa pembe yake ya kuona inafika takribani nyuzi 105, lakini kwenye umbali wa mita 10, ambao ndio urefu wa duka langu, pembe hiyo inatandaza pikseli 1,920 juu ya upana wa mita kama 26. Hapo zinabaki pikseli 74 kwa mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 16 hivi, maana yake mtu yule wa kofia alikuwa na pikseli 12 za uso, na hakuna programu ya kukuza picha inayoweza kurudisha kisichorekodiwa. Kamera hiyohiyo ingekuwa na lenzi ya milimita 6 na kuelekezwa mlangoni kutoka mita 5, ingeona upana wa mita 5 tu, lakini uso ungepata pikseli 60 na zaidi. Megapikseli ni zilezile na bei haipishani sana, lakini picha moja inamwondolea mtu tuhuma na nyingine inamtumbukiza humo.

Kwa hiyo siku hizi ninashauri kamera za aina mbili ndani ya duka dogo. Moja ya lenzi pana ikae juu ionyeshe mwendo wa watu, na nyingine za lenzi nyembamba zikae pale ambapo kila mtu hana budi kupita akiwa ametazama mbele: mlangoni, kwenye kaunta ya malipo na kwenye mlango wa stoo. Hizo za uso zisipandishwe juu sana. Kamera iliyofungwa karibu na dari, mita 3 na zaidi, juu ya mtu aliye karibu nayo, inarekodi kofia na mitandio. Yangu ya mlangoni nimeiweka kwenye mita 2.2, nikakubali kwamba mtu mrefu anaweza kuifikia, kwa kuwa nimechagua yenye ganda gumu la chuma, na kamera ya pili inaitazama hiyo ya kwanza.

Mlango wangu unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia moja kwa moja, na kamera ya kawaida inayotazama nje kutoka ndani huona mlango mweupe na watu weusi kama vivuli vya ukutani. Ukiwa na mlango wa namna hiyo, na maduka mengi ya barabarani yanao, muulize muuzaji kama kamera ina WDR ya kweli, yaani uwezo wa kuchanganya mwanga mkali na kivuli katika picha moja, na uangalie kama karatasi yake ya maelezo imeandika kiwango cha desibeli 120. Zipo zinazoandikwa DWDR, ambayo ni marekebisho ya programu tu baada ya picha kupigwa, na tofauti yake utaiona siku ya kwanza jua likishuka. Kilichonisaidia zaidi, hata hivyo, ni kuongeza kamera ya kaunta inayomtazama mteja akiwa ameupa mlango ubavu wake, ambapo mwanga unampiga shavuni na hauko nyuma ya kichwa chake.

Usiku una mambo yake. Kamera nyingi zina taa za infraredi ndani yake, mwanga ambao macho yetu hayauoni lakini kamera inauona gizani. Buibui akijenga hapo, utando mmoja mbele ya lenzi hung’aa kwa mwanga huo hadi picha yote ikawa ukungu. Vilevile usifunge kamera ya infraredi nyuma ya kioo cha dirisha, kwa sababu mwanga wake unarudishwa na kioo na utarekodi weupe mtupu. Taa ndogo ya LED iliyoachwa ikiwaka juu ya mlango wa stoo imenipa picha bora kuliko infraredi yoyote, na inaonyesha hata rangi ya shati.

Kuhusu aina ya mfumo, ubishi mwingi unaousikia ni kati ya kamera za analogi zinazotumia waya wa koaksia na mashine ya DVR, na kamera za IP zinazotumia waya wa mtandao na mashine ya NVR. Mwenye chumba kimoja cha duka na kamera nne atatosheka na analogi ya kisasa, mradi waya uwe mzuri, na sioni sababu ya kumtwisha gharama zaidi. Mimi nilihamia IP kwa sababu ya uwanja wangu wa nondo na mabati ulio mita 60 nyuma ya duka. Kamera ya zamani ya uwanjani ilikuwa inafanya kazi mchana kutwa na kuzimika kila magharibi. Tulibadilisha kamera mara mbili kabla ya kugundua kwamba tatizo ni umeme: giza likiingia, taa za infraredi zinawaka na kamera inavuta umeme mwingi zaidi, na volti 12 zilizosafiri mita 60 kwenye waya mwembamba zilikuwa zinafika zimepungua hadi kamera inazima. Mfumo wa PoE unapeleka picha na umeme kwenye waya mmoja wa mtandao hadi mita 100, kwa volti karibu 48, na kwa volti hizo upotevu wa njiani haufiki kuizima kamera.

Hapo kwenye waya nina la kusema kama mtu anayeuza waya. Kebo nyingi za mtandao zinazouzwa kwa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje inapendeza, ina rangi ileile nyekundu ya shaba, lakini chukua ncha moja, iparuze kwa kisu, na ukiona weupe chini ya ule wekundu, irudishe. Boksi lake lenyewe ni jepesi mkononi kuliko boksi la shaba tupu. Kebo ya alumini inakatika inapokunjwa, inapitisha umeme vibaya, na ikishafukiwa ukutani na kupakwa rangi, gharama ya kuitoa ni kubwa kuliko ulichookoa. Ukiwa na fedha za kuboresha kitu kimoja tu katika mfumo mzima, boresha waya, kwa maana kamera unaweza kuibadilisha baadaye kwa dakika kumi. Na kamera utakayonunua iwe inafuata ONVIF, makubaliano ya watengenezaji yaliyoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera ya kampuni moja izungumze na mashine ya kampuni nyingine, usije ukafungwa kwa muuzaji mmoja milele.

Sasa diski. Hesabu yake ni rahisi na inashangaza jinsi wachache wanavyoifanya kabla ya kulipa. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde inajaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera zangu nne za mwanzo zilikuwa kwenye kiwango hicho, na diski niliyowekewa ilikuwa ya gigabaiti 500, ndiyo maana kumbukumbu yangu iliishia siku ya tano. Hakuna kilichoharibika, mashine ilifanya kile ilichopangiwa, na mimi nilikuwa ninahesabu mali mara moja kwa mwezi. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye duka alishike: muda wa kumbukumbu lazima uzidi muda kati ya hesabu moja ya mali na nyingine, la sivyo kila utakachogundua kimepotea kitakuwa kimeshafutwa. Sasa nina kamera sita, zote zinabana picha kwa njia iitwayo H.265, ambayo kwa ubora uleule huhitaji takribani nusu ya nafasi ya njia ya zamani, H.264, na nimezipangia wastani wa megabiti 2 kwa sekunde, kila sekunde ikiwa na fremu 15. Zinakula gigabaiti 130 kwa siku, na diski ya terabaiti 4 inanipa siku 30. Hesabu ya mali nimeileta kwenye wiki mbili.

Diski yenyewe iwe ya kazi hiyo. Diski ya kompyuta ya mezani imeundwa kwa mtu anayefanya kazi saa chache na kuzima, wakati diski ya kamera inaandika mchana na usiku bila kupumzika. WD Purple na Seagate SkyHawk zimeundwa kwa ajili hiyo. Wapo wanaopunguza nafasi kwa kurekodi pale tu kitu kinapotikisika. Mimi nimefanya hivyo uwanjani tu. Mlangoni na kwenye kaunta ninarekodi mfululizo, kwa kuwa tukio la wizi huanza kabla ya mwendo wenyewe, na mtu aliyesimama kimya akitazama stoo kwa dakika mbili ni sehemu ya ushahidi.

Umeme ukikatika kamera zisizo na akiba huwa mapambo. Kamera zangu sita zinatumia kama wati 30 na mashine pamoja na diski wati 15. UPS ndogo, kifaa cha kutunza akiba ya umeme, yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 (7Ah) ina nishati ya saa-wati 84 (84Wh), ambazo hata kwenye karatasi hazifikishi saa mbili, na kwa vitendo ni pungufu zaidi. Inatosha kwa kukatika kwa muda mfupi na kuilinda diski. Kwa kuwa usiku ndio ninaouogopa, niliunganisha betri ya 100Ah, na hata nikitumia nusu yake tu bila kuichosha, mfumo unafika asubuhi.

Mashine ya kurekodia isikae kaunta. Mwizi wa usiku anayeijua kazi yake anaondoka nayo, na picha zake zote anaondoka nazo. Yangu iko kwenye sanduku la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa, ndani ya chumba kingine ambacho vumbi la saruji halifiki, na kaunta imebaki skrini peke yake.

Kwenye suala la kuona duka kupitia simu nilikuta kwamba mashine ya kwanza ilikuwa imesajiliwa kwa akaunti ya fundi. Alikuwa anaweza kuliona duka langu kutoka kwake wakati wowote, na nywila kuu ilikuwa ileile ya kiwandani. Siamini kwamba alikuwa na nia mbaya, lakini akaunti iwe ya barua pepe yako, nywila uiandike wewe mwenyewe, na fundi apewe ruhusa ya muda tu. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa wingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikazitumia kushambulia huduma za intaneti, na wenye vifaa hawakujua lolote. Mashine mpya hulazimisha ubadilishe nywila siku ya kwanza; usiweke jina la duka na mwaka.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na picha ya uso ni mojawapo. Nimebandika tangazo mlangoni kwamba duka linarekodiwa na kwa sababu gani, nimewaeleza wafanyakazi kila kamera inaona nini, na hakuna kamera inayotazama chooni wala chumba wanachobadilishia nguo na kula. Picha haziendi kwenye makundi ya WhatsApp. Baada ya yaliyompata kijana wangu, najua jinsi sura ya mtu isiyo wazi inavyogeuka kuwa sura ya yeyote ambaye watu wanataka iwe.

Ikitokea unahitaji kupeleka picha polisi, kumbuka kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake unaangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haijabadilishwa. Kwa hiyo toa faili halisi kutoka kwenye mashine, si video ya simu iliyopigwa mbele ya skrini. Nakili kwenye flashi mbili, andika nani alinakili, lini, na saa ya mashine ilikuwa inatofautiana kiasi gani na saa ya kweli. Andika saa kwa namna zote mbili, 15:12 na saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, ili asiwepo wa kuchanganya saa tisa za alasiri na saa tisa za usiku.

Kila Jumatatu kabla ya kufungua, mashine inakaguliwa kwa dakika kumi. Saa ya kwenye skrini inalinganishwa na ya simu, inatafutwa picha ya siku ya zamani kuliko zote iliyobaki, kipande cha dakika moja kinanakiliwa kwenye flashi kuona kama kinafunguka, na lenzi zinafutwa kwa kitambaa kikavu. Kazi hiyo anaifanya kijana yuleyule mwenye funguo, yeye mwenyewe aliiomba, na anaandika kwenye daftari linalokaa chini ya mizani. Jumatatu iliyopita ameandika: kamera ya mlangoni ina vumbi, imefutwa, rekodi inarudi nyuma siku 29, saa iko mbele sekunde nne.